Masale ya Mpakani

Mwanangu, nakumbuka siku niliyokwenda kwenye maonyesho ya bustani pale Morogoro na rafiki yangu Mwanahawa, na hadi leo nikiikumbuka najikasirikia.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Kiwanda kilikuwa kimetupunguza kazini, nami, mgeni kutoka Singida, nikaanza kuuza maua kwenye makopo. Wenye uwezo walikuwa wanajenga majumba na kutaka bustani za kuringia. Siku moja kabla ya maonyesho nilipanda mlimani, kule Bigwa, nikakuta masale marefu yamejipanga kando ya shamba la mama yake Mwanahawa. Nikayang'oa yote bila kupiga hodi. Majani tu yale, nilijiambia.

Kwenye maonyesho bwana mmoja akayanunua yote, akayapakia garini. Mwanahawa, aliyekuwa amesimama nami bandani, akaniuliza nilikoyatoa.

"Kwenu, pale pembeni. Si yameota tu?"

Mwanahawa akasema, "Dada, ule ni mpaka. Aliyapanda bibi. Sisi Waluguru shamba la ukoo halina karatasi, lina masale."

Tukamkimbilia yule bwana. Akacheka, eti tuache ushamba, ameshalipa. Akapandisha kioo, akaondoka. Mwanangu, kicheko kile kinanichoma mpaka sasa, lakini aliyeng'oa ni mimi.

Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Jirani wa mama yake Mwanahawa, aliyekuwa anauza kiwanja chake, akadai mpaka ulipita katikati ya maharage ya mama. Wazee wa ukoo wakaniita niwaonyeshe mashimo. Nilizunguka kwenye tope na jembe mkononi, nisipate hata moja. Jirani akauza mpaka kwenye maharage.

Mama hakunitukana. Alisema tu, "Kila siku ukipita hapa unaniamkia. Siku ile ulishindwa nini kuuliza?"

Leo ukuta wa nyumba ya watu umesimama pale alipokuwa akichuma maharage yake.

Basi mwanangu, ukifika ugenini usiite kitu pori kwa kuwa hakina hati. Piga hodi, uliza nani alikipanda na kwa nini, na usubiri ujibiwe. Na anayekwambia kwamba siku hizi kila kitu kinauzwa, mkatalie mbele za watu, hata kama ana gari.

Mungu akupe pa kulima, akupe na majirani watakaokuuliza kabla ya kugusa chako. Amina.