Hodi ya Darini

Katika mji wa kale wa Malindi kuna vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana, mmoja hugeuka ubavu mwenzake apite. Ukipita humo huinui macho, unaangalia miguu yako. Kwa hiyo si ajabu ukiwa umeipita nyumba hii bila kuijua. Chini ni duka la vitambaa. Juu kabisa, chini ya paa la makuti, pana dari moja pana iliyotengenezwa upya: boriti zimepakwa mafuta, sakafu nyekundu imesuguliwa ikang'aa, na upande wa bahari pametobolewa dirisha kubwa ambalo zamani halikuwepo. Dari hiyo inauzwa, na anayewafungulia watu waione ni Kahonzi.

Kahonzi ni mtu wa Marafa. Alikuja mjini na mumewe, mume akafa, naye akabaki akimtunza bibi mwenye nyumba mpaka bibi naye akafia humohumo darini. Kabla hajafa alimshika Kahonzi mkono. Akamwambia, nyumba yangu usiiache peke yake, ufunguo umpe mkononi yule atakayekuja kukaa. Kahonzi akaitikia. Nani angekataa, mkono wa mgonjwa ukiwa ndani ya wake?

Binti ya bibi, Pamela, yuko Nairobi. Ndiye aliyeitengeneza dari ili aiuze. Kahonzi alidhani ni jambo la mwezi mmoja, lakini masika yalikwisha yakarudi tena, na magoti yake yakavimba. Kule Marafa bintiye Vivian amemtengea chumba ambacho mlango wake unafunguka uani moja kwa moja, hakuna ngazi. Kahonzi hana anachokitamani zaidi ya mlango ule. Lakini alitoa neno, na ufunguo bado uko kwenye pindo la kanga yake.

Sasa nikwambie kilichokuwa kinawakimbiza wanunuzi. Lile dirisha jipya kabla halijaiona bahari linauona ua wa jirani, Bi Mwanakombo. Uani mle kina mama hukaa vichwa wazi, wakifua, wakisukana, wakipumzika na joto. Mtaani hapo anayepanda juu hupiga hodi kwanza. Basi Kahonzi akifika mlango wa darini husimama, huvuta pumzi, huita kupitia tundu la ukuta, "Hodi uani! Dari ina watu."

Sauti hujibu kutoka chini, "Subirini."

Utasikia ndoo zikisogezwa na mitandio ikitafutwa. Halafu, "Haya, piteni." Hapo ndipo mlango hufunguliwa.

Wageni walikuwa wakitazamana. Mwanamke mmoja aliuliza, "Kwa hiyo nikinunua, dirisha langu nitalifungua kwa ruhusa?" Akashuka kabla hajaonyeshwa hata jikoni.

Dalali, kijana aitwaye Mutuku, siku hiyo alichoka naye. "Mama Vivian, unaniharibia kazi. Watu wanataka upepo, wewe unawapa masharti."

"Si masharti yangu, mwanangu."

"Basi nyamaza siku moja tu. Tuuze, uende kwenu ukapumzike. Ama hutaki kupumzika?"

Swali lile lilimkuta magoti yanawaka moto.

Mgeni aliyefuata alikuwa Ochola, mtu mzima aliyekuwa na malori ya kubeba chumvi kutoka Marereni. Wakapanda, Kahonzi nyuma yao, kimya. Mutuku akausukuma mlango, akalifungua dirisha lote. Ochola akainama nje aione bahari.

Chini, Bi Mwanakombo alikuwa ameketi kwenye mkeka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Mkwewe akaangusha kitana akakimbilia ndani. Bi Mwanakombo hakukimbia. Alichukua sinia lililokuwa kando yake, akajifunika nalo kichwa, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Kahonzi, uko hai au umekufa?"

Ochola alirudi nyuma kama aliyegusa jiko. Akashuka.

Alasiri Kahonzi alikwenda mwenyewe mlangoni kwa jirani. "Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba. Umefufuka?"

"Nilinyamaza makusudi. Nimechoka. Nataka kwenda kwetu."

Bi Mwanakombo akamtazama miguu, akamsogezea kigoda. "Kuchoka umechoka, nakuona unavyopanda. Mimi nami nimechoka kukurupuka na mtandio kila akija mtu. Lakini ukinyamaza weye, huyo atakayekuja kukaa atajuaje kuwa chini mna watu?" Akajishika nywele. "Na kichwa changu kimebaki nusu. Huyu mkwe wangu hashiki kitana kwa kucheka."

Baada ya siku chache Ochola alirudi. Mutuku alikuja mbio mbele yake, uso umechanua. "Mama Vivian, anachukua. Ana neno moja tu, anataka wewe ubaki."

"Siwezi kukaa juu ya watu nisiowajua," Ochola akasema. "Wewe unawajua, mama. Utakuwa unanipigia hodi."

Kahonzi aliketi kwenye ngazi ya chini. Alikaa pale mpaka Mutuku akaanza kutazama simu. Kisha akasema, "Mzee, panda ukaipige mwenyewe."

"Mimi?"

"Si wewe utakayekaa?"

Ochola akapanda peke yake. Sauti yake, iliyozoea kushindana na injini za malori, ikajaa kichochoro. "Hodi uani! Dari ina watu."

Sauti ikauliza kutoka chini, "Nani huyo?"

"Ochola."

"Ndiye aliyekiona kichwa changu?"

"Ndiye, mama. Unisamehe."

"Subiri."

Alisubirishwa sana, nadhani kwa kusudi. Mwishowe ikaja, "Haya, pita." Kahonzi pale chini akasikia bawaba za dirisha zikilia.

Ochola hakulirudia tena lile sharti. Karatasi zake na Pamela zikachukua muda wake, na kila alipokuja alipiga hodi mwenyewe, Kahonzi ameketi chini. Siku ya kukabidhiana, Kahonzi alifungua pindo la kanga, akautia ufunguo mkononi mwa Ochola, akaufumba mkono ule kwa mikono yake miwili. Kisha akamgeukia dalali.

"Mutuku, mwanangu, mkoba wangu uko juu. Mimi sipandi tena. Kanishushie, na upige hodi."