Bunduki ya Mkono wa Kushoto

Juzi mdogo wangu wa kiume aliniita kwake, mtaa wa Mabela, nimsaidie kumchagulia binti yake bunduki ya kwanza ya kulengea shabaha. Alishaiona moja kwenye simu: nyeusi, ndefu, na darubini juu yake. "Atakua nayo," akanambia. Nikamwambia mtoto ukimnunulia kubwa ili akue nayo, atakachokua nacho ni tabia mbaya. Akacheka. Yangu iliponunuliwa yeye alikuwa bado anatambaa, basi nikakaa nikamhadithia, na sasa nakuhadithia na wewe.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, nyumba ya kupanga yenye uwa wa sementi. Likizo za joto kazi yangu ilikuwa kuumwagia uwa maji kwa mpira, alasiri, kabla bibi hajatoka na mkeka wake. Sementi ikipata maji ilitoa harufu ambayo sijaikuta tena pengine. Jikoni mama alikuwa akichemsha chai ya maziwa kwa iliki, na kiyoyozi cha chumba cha mbele kikinguruma hata tukawa hatukisikii.

Mwaka ule shule yetu ilikuwa imeanzisha timu ya wasichana ya kulenga. Mwalimu wa michezo alisema mwenye bunduki yake ya upepo afanye mazoezi likizoni, maana timu itachaguliwa shule ikifunguliwa tu. Mimi nilikuwa mtoto wa katikati kwa kila kitu, darasani na hata nyumbani. Lakini siku mwalimu alipotulaza chini tujaribu, niliweza kutulia kuliko wenzangu. Sikuwahi kusifiwa kwa kutulia. Nikaitaka timu ile.

Baba alikuwa mtu wa mshahara wa serikali na watoto watano. Alikubali, ila kwa kadiri ya uwezo wake. Akamuomba jirani yetu afuatane nasi dukani. Jirani huyu alikuwa polisi mstaafu, mwanamke mrefu, wazee wake wa Unguja kama wetu, na alipokuwa kazini akilenga shabaha katika timu ya polisi. Sisi watoto tukimwita Khalti, yaani mama mdogo.

Dukani mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye ile inayong'aa. "Inyanyue," Khalti akasema. Nikainyanyua. Akaniacha nayo hivyo hivyo, akaanza kuzungumza na mwenye duka habari za joto. Ncha ya mtutu ikawa inachora duara hewani.

"Umechoka?"

"Sijachoka, Khalti."

"Mtutu unasema jengine."

Akamgeukia baba. "Hiyo ina nguvu, ya kuwindia. Kwa karatasi ya shabaha nguvu haimsaidii. Huyu anataka nyepesi, kitako kifupi kimfike begani bila ya kujinyoosha. Darubini hana haja nayo, ajifunze kwa macho yake. Na usimalize pesa zote hapa. Risasi na karatasi ndizo zitazomfundisha."

Mwenye duka akatoa moja iliyokwisha tumika, ya mbao ya kahawia, imechubuka ubavuni. Nikaipokea, nikaipandisha begani. Bega la kushoto.

Baba akatizama chini. Nyumbani kwetu mkono wa kushoto ulikuwa kesi. Bibi alihangaika nao tangu nilipoanza kushika tonge: nile kwa kulia, nitoe kwa kulia, niandike kwa kulia, na nilikuwa nimeshazoea. Khalti akanihamishia bunduki upande wa pili. Nikajaribu, shingo ikanipinda, shabaha ya ukutani sikuiona vizuri. Akaniambia nifanye tundu kwa viganja viwili, niitizame taa ya dukani kwa macho yote, kisha nifumbe jicho la kulia. Taa ikabaki pale pale. Nikafumba la kushoto, taa ikapotea.

"Jicho lake kubwa, la kulengea, ni la kushoto," akamwambia baba. "Ukimlazimisha kulia, bunduki yoyote utayonunua umeitupa."

Ile ya mbao kitako chake kilikuwa sawa pande zote mbili, na wenzo wa kujazia upepo ulikuwa chini ya mtutu, mkono wowote unaufikia. Na bei yake baba aliiweza. Akashughulikia karatasi za ruhusa, tukaichukua.

Bibi alikuwa mkekani tulipofika. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka yote nnamwachisha mkono huu, leo nyinyi mnauletea bunduki? Irejesheni."

Baba akaiegemeza bunduki ukutani. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto, lakini mbele ya mamake hakuwa na neno la pili. Mimi nilishaanza kulia. Khalti akavua viatu, akakaa mkekani, akanywa chai yake taratibu. Kisha akamwambia bibi afanye tundu kwa viganja, autizame mnara wa msikiti unaochungulia juu ya ukuta. Bibi akafanya huku anacheka, akidhani ni mchezo.

"Fumba jicho la kulia, bibi."

"Nnauona."

"Sasa fumba la kushoto."

Kicheko kikakatika. Akarudia, akarudia tena. Halafu akaiweka mikono mapajani.

"Na mimi nilikuwa wa kushoto," akasema, bila ya kumtizama mtu. "Walinifunga mkono kwa kitambaa, mpaka ukasahau."

Mama alikuwa ametoka na birika, akasimama nalo mlangoni. Baba alikuwa hajawahi kulisikia hilo.

Bibi akahukumu: "Kula, kulia. Kutoa na kupokea, kulia. Hilo la kulenga, atajua mwenyewe."

Nikaingia timu. Sikuwa bingwa, mashindano mengi nilimaliza katikati, mahali pangu nilipopazoea, lakini safari hii kwa furaha. Nilipokwenda chuo kikuu bunduki ile alipewa msichana mwengine, na siijui iliko. Khalti alihamia kwa mwanawe, tukapoteana. Nyumba imevunjwa, pamejengwa nyengine yenye vioo vingi.

Mwaka wake wa mwisho bibi alipooza upande wa kulia. Siku moja hospitali, muuguzi, dada wa Kikenya, alimtilia uji akamwekea kijiko mkono wa kushoto. Bibi akala bila ya kumwaga tone. Baba na mama walikuwapo, wakaona. Nilitaka kumuuliza nani aliyemfunga mkono ule, mamake au mwalimu wa chuo cha Kurani, na yeye alikuwa na umri gani. Nikaona bora nisubiri amalize kula. Alipomaliza alilala, na tangu hapo maneno yake hayakufahamika tena. Leo hapana mtu aliyebaki wa kumuuliza.