Somo la Kola

Wanafunzi wa ushonaji walimpa mwalimu wao jina la Fumua, na jina lenyewe alilitafuta mwenyewe. Katika karakana ya chuo alikuwa akipita nyuma ya vyerehani, mikono mgongoni, kimya mpaka unasahau kwamba yupo. Ghafla unasikia pumzi begani kwako, kidole kinashuka juu ya mshono uliokuwa ukijivunia, na neno moja tu: "Fumua." Hagombi, haelezi. Ukishafumua, anaweka mkono wake juu ya wako, mnasukuma kitambaa pamoja, na safari hiyo mshono unanyooka. Waliolia katika karakana ile ni wengi. Waliotoka pale bila kujua kushona, sijamsikia hata mmoja.

Sasa mtu wa namna hiyo umwambie afundishe kwa simu! Chuo ndicho kilichomwambia. Wanafunzi walikuwa wakipungua, wengi wao wana kazi na watoto na hawawezi kufika kila siku, basi uongozi ukaamua kozi zihamie mtandaoni. Kila mwalimu ajirekodi nyumbani, masomo yawekwe kwenye tovuti, anayetaka kujifunza ajifunze akiwa kwake. Fumua alinung'unika weee, mwisho akabeba cherehani kimoja mpaka sebuleni, akaisimamisha simu juu ya rundo la vitabu, akaanza.

Hakuanza. Ulimi ulimganda. Ile simu ilimkodolea jicho lisilopepesa, naye akabaki ameshika mkasi kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Akanywa chai, akajaribu tena, yakawa yale yale.

Mkewe alikuwa jikoni akimsikia anavyokohoa na kurudia. Alipochoka kusikiliza akaja na kitambaa cha vyombo begani, akavuta kiti nyuma ya simu, akaketi.

"Haya mwalimu, nifundishe mimi."

"Wewe? Tangu nikuoe hujashona hata kifungo."

"Si ndiyo maana nimekuja darasani? Au mpaka nilipe ada?"

Dawa ikawa hiyo. Fumua alimtazama mkewe, akaisahau simu, maneno yakamtoka yenyewe. Mama wa watu aliuliza kila ambacho mgeni wa cherehani angeuliza: kwa nini kitambaa kiloweshwe kabla ya kukatwa, na chaki ikifutika je? Maelezo yakizidi urefu alipiga miayo waziwazi, wala haoni haya. "Hapo umenipoteza," alisema. "Rudi nyuma, taratibu." Miaka yote alidhani mumewe analipwa kwa kuwakaripia watoto wa watu. Sasa aliiona kazi yenyewe, na mumewe akaona kwamba ameonwa. Walikuwa na raha wale wawili, na raha yao ndiyo inayoniuma ninapoisimulia.

Kisha akapiga simu mratibu wa masomo ya mtandaoni, binti mpole mwenye adabu zake.

"Shikamoo mwalimu. Masomo yako ni mazuri mno, ila kuna sauti ya mama nyuma. Anauliza, anacheka. Wanafunzi watachanganyikiwa. Itabidi tuiondoe."

"Marahaba. Nielekeze tu, nitaiondoa mwenyewe."

Mwingine angewaachia ofisini kazi hiyo. Fumua si mtu wa kuacha uzi unaning'inia. Kila mkewe alipofungua mdomo katika masomo yale, alizima sauti, akabakiza picha. Simu ilipokataa kazi kwa kujaa, alifuta zile rekodi za mwanzo, akabaki na zilizo safi. Mkewe alikuwa kando yake, anachungulia.

"Leo umenifumua mimi," alisema, akacheka hana mbavu.

"Umezidi maneno."

"Basi nitakuwa nauliza kimoyomoyo."

Hakuuliza tena. Presha ilimwangusha bafuni kabla somo la mwisho halijarekodiwa, na walipofika hospitali daktari hakuwa na la kufanya. Binti yao wa pekee alikuwa nchi ya mbali, akakosa ndege ya kumwahisha, akamzika mama yake kwa kutazama kwenye simu. Fumua alimsikia mwanawe akilia huko, naye hana mkono wa kumwekea begani.

Waliokuja kutoa pole walipotawanyika, binti akapiga.

"Baba, mama aliniambia alikuwa anakaa na wewe ukirekodi. Alijisifu kweli, eti yeye ndiye mwanafunzi wako bora. Nitumie basi. Mimi na mama tulikuwa tunapigiana tu, sikuwahi kuweka sauti yake popote. Sitaki kitu kingine."

"Nitakutafutia, mwanangu," alisema Fumua.

Alikwenda chuoni mbio, huenda zile za kwanza zimebaki huko. Mratibu alifungua kila mahali pa kufungua, kisha akajifunika uso. "Ulipoleta zile mpya, mwalimu, nilifuta za zamani ili zisichanganyike." Fumua hakumlaumu. Alimwambia asante, akarudi nyumbani, akapiga moyo konde na kumpigia mwanawe.

"Mama yako nilimwondoa. Kila mahali alipoongea, nilimzima kwa mkono wangu huu. Hakubaki. Nisamehe."

Binti akasema, "Nitumie hizo hizo, baba."

Binti alizitazama zote. Kisha akapiga tena.

"Nimemwona, baba. Unanyamaza, unatazama juu ya kamera, unatikisa kichwa. Hapo najua anaongea. Kwenye somo la mfuko aliuliza ukitoboka utafanyaje, maana nimesikia ulivyojibu. Na kwenye zipu alipiga miayo, si ndiyo?"

"Ndiyo. Alipiga miayo."

"Lakini kwenye somo la kola ulicheka mpaka ukaweka mkasi chini. Ulifuta machozi, baba. Halafu hukujibu kitu, ukaendelea. Mama alisema nini pale?"

Fumua alichukua kompyuta aliyoazimwa na chuo, akafungua somo la kola. Akamwona mwanamume mwenye furaha, anatazama mahali pasipoonekana, anatega sikio, kisha anaangua kicheko mpaka mabega yanatikisika. Alikikumbuka kile kiti, kitambaa cha vyombo begani, na mguu mmoja uliokunjwa. Maneno hayakuja. Aliirudisha nyuma, akatazama tena, na yule mwanamume akacheka vilevile.

"Baba? Upo?"

"Nipo, mwanangu," alisema. "Ngoja kidogo." Akairudisha tena mwanzo.