Simu Zisizopokelewa za Mutsamudu

Kwa nini simu nzima ilie, wenye nyumba wameketi hapo hapo, na asiipokee mtu? Swali hilo lilinisumbua sana Mutsamudu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nikidhani kila swali lina jibu ukiuliza kwa ukali wa kutosha.

Siku yangu ya kwanza kazini, makao makuu ya shirika la simu, Moroni, nilimuuliza Mkuu wa Mitambo kwa nini mamluki wa kizungu walisimama mlangoni petu. Alifunga mlango kwanza.

"Binti, sisi tunaunganisha simu. Maswali waachie wenye bunduki."

Haukupita muda akanipeleka Mutsamudu, mji wa kisiwa kingine, kusimamia mtambo mpya wa kujiendesha, unaomwezesha mtu kuzungusha namba mwenyewe. Mtambo huo ukifaulu, swichibodi, yaani ule ubao wa matundu na kamba za kuunganishia simu, ungeng'olewa, na maopereta wangepoteza kazi. Mkuu wao, Bi Zaina, alikuwa mjane aliyesomesha watoto kwa kazi hiyo.

"Karibu, mwanangu," alisema, akijitanda vizuri shuka yake ya shiromani. "Umekuja kutuzika. Kunywa chai kwanza."

Kwa utaratibu wao, opereta alimpigia kwanza mwenye simu, akamtajia anayepiga na ukoo wake, ndipo akaunganisha. Mimi niliona ni kupoteza wakati.

Tukawasha mtambo. Simu zikalia mji mzima, hazikupokelewa. Nilipima umeme, nikabadilisha nyaya, nikapita vichochoroni chini ya ngome nikibisha hodi. Kwa mfanyabiashara mmoja mzee tulitazamana, kengele ikilia kati yetu.

"Mzee, mbona hupokei?"

"Nani anapiga?"

"Utajua ukipokea."

"Na akiwa mmoja wa wale wazungu wenye bunduki? Nitakuwa nimeshamkaribisha! Zaina alikuwa akinitajia mtu kwanza. Huyu wako anaingia bila hodi. Chuoni hawakuwafunza adabu?"

Nilirudi Moroni mbio, nikamwambia Mkurugenzi wa shirika kwamba mtambo ubaki na maopereta wabaki, wautumie wao, waendelee kutaja majina.

"Yaani tumenunua mashine ya kujiendesha ili tuiendeshe?"

"Ndiyo, Bwana Mkurugenzi."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akakubali, na simu zikaanza kupokelewa.

Kwa miaka yangu yote ya kazi niliwafundisha vijana somo hilo: shirika kubwa huvuka mageuzi ya mitambo likiheshimu desturi za wateja wake. Nilipandishwa vyeo kwa somo hilo. Hata simu za mkononi zilipokuja, nililirudia, na wakuu wakatikisa vichwa kukubali. Sasa nimestaafu, na kila nikilirudia silali vizuri.

Mwaka jana nilikwenda msibani kwa Bi Zaina. Binti yake alinishika mkono, akicheka huku analia. Akanieleza kwamba kabla hatujawasha mtambo, mama yake na wenzake walipita nyumba kwa nyumba, kutoka Mutsamudu mpaka mji jirani wa Mirontsy, wakiwaambia watu: "Kengele ikilia bila jina, msipokee."