Sataranji ya Hatua Moja

Mpaka leo mtu akiniambia nicheze sataranji vizuri, damu inanichemka. Vizuri kwa nani?

Mchezo huo nilifundishwa Meru mjini, kwenye baraza la Mwislamu mmoja mwenye malori ya kubeba mahindi na mbao. Nilikuwa nasomea ualimu kwenye chuo cha misheni, na siku za mapumziko nilishuka kwake kumsaidia kupanga magunia. Alicheza kama babu zake walivyocheza Bara Hindi: askari, zile kete ndogo za mbele, haendi hatua mbili hata mwanzoni. Anakwenda moja tu. Kwa hiyo mimi sikuzoea kukimbilia katikati. Nilimsogeza askari wa pembeni kidogo, ndovu akachungulia kutoka kwenye kona, farasi nikamweka nyuma ya ua wa askari, halafu nikamngoja mwenzangu aje na kelele zake. Akishajazana katikati, namkata miguu. Ndivyo nilivyo. Hata utotoni kwetu Kibugu, Embu, tukicheza kokoto kwenye mashimo tuliyochimba chini, sikumwonyesha mtu ninakoelekea.

Mkuu wa chuo, Mzungu, hakutaka kuusikia mchezo wa namna hiyo. Kwake kulikuwa na mwanzo mmoja wa heshima: askari wa mbele ya mfalme, hatua mbili, mlango wazi. Nilijaribu, msiseme sikujaribu. Kila nikianza hivyo nilijiona nimesimama uchi sokoni. Nikajaribu askari wa malkia. Afadhali kidogo, lakini ndovu wangu alifungiwa ndani akazeeka humo. Nikaanza na farasi wote wawili, nikapenda fujo yao, ila mkuu aliwafukuza na askari wake mpaka wakarudi zizini. Mwishowe nikarudi kwa hatua yangu moja, maana pale ndipo akili yangu ilipopata pa kupumua.

Sasa, hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni. Mtu wa Embu kama mimi hakutoka Meru bila pasi, ile karatasi ya ruhusa ya kusafiri, na mwanafunzi hakupewa pasi mpaka mkuu aseme huyu ni mtu safi. Mama yangu walikuwa wamembomolea nyumba wakamtia kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, chini ya msitu. Dereva mmoja wa lori akaniletea habari kwamba mama anatapika damu. Nilikwenda kwa mkuu mbio kuomba pasi. Akasema tucheze kwanza, kwa kuwa yeye humjua mtu kwenye ubao.

Mama anatapika damu, na mtu mzima na akili zake ananipangia kete.

Nilicheza vyangu, nikamshinda. Aliutazama ubao, masikio yamemwiva.

"Huu ni mchezo wa watu wa msituni," akasema. "Unajificha, unangoja, kisha unapiga. Mtu wa namna hii siwezi kumdhamini barabarani."

Nilishuka mjini nikamweleza mwenye malori. Naye alikasirika, akamtukana mkuu kwa lugha nisiyoijua, kisha akatulia akaniambia nimpe yule bwana anachotaka. Nianze na mwanzo wake, nishindwe kwa adabu, nichukue pasi nikamwone mama. Kucheza vyangu nitacheza maisha yangu yote. Niliona ana akili.

Basi wiki iliyofuata nikamtoa askari wa mfalme hatua mbili. Nikawapanga wote kama gwaride, hakuna aliyejificha. Alinimaliza kabla chai haijapoa. Nikasimama, nikaomba pasi.

Alinitazama kana kwamba nimeiba. Akaniuliza iweje nibadilike kwa wiki moja. Akasema mtu anayeuacha mchezo wake upesi hivyo ili ampendeze mkubwa, haijulikani ataacha nini mbele ya wengine. Pasi hakuna. Sasa niambieni, mimi ningeanza na nini? Kwa mtu yule hapakuwa na askari hata mmoja wa kuanzia. Nikicheza vyangu, mimi ni mwizi. Nikicheza vyake, ni mwizi vilevile. Nilimchukia siku ile, na sijamaliza kumchukia.

Wiki ya tatu aliniita mwenyewe. Nikamkuta ameshapanga ubao. Nikabaki mlangoni.

"Leo sichezi, bwana," nikamwambia. "Naomba pasi nikamwone mama."

Akakohoa, akanyoosha kete moja iliyokaa upande.

"Habari zilifika juzi," akasema. "Wamekwisha kumzika. Nilitaka tumalize mchezo kwanza, ndipo nikwambie."

Alisema hayo huku akinivutia kiti nikae.