Mawese Kwenye Damu

Nimekuwa daktari wa mifugo Kasulu kwa miaka ya kutosha kuchoka, na wiki ile nilikuwa hoi. Mjane mmoja wa Makere alimleta mbwa wake kwa bodaboda, kampakata, kamfunika kanga. Mbwa huyo ndiye aliyemlindia mahindi yasiliwe na nyani. Sasa alitapika kila alichokula, na mbavu zilihesabika.

Nilishuku kongosho. Likiugua, vimeng'enya vyake huvujia kwenye damu, na vikipanda sana, saratani ni moja ya mambo ya kuogopa. Mashine yetu iliachwa na mradi uliokwisha, na vipimo vya kazi hiyo vilibaki viwili. Nikamwambia mama amrudishe kesho asubuhi, mbwa asile kitu.

Kesho yake nikatoa damu. Ilipotulia, maji yake ya juu, ambayo huwa ya manjano, yalikuwa meupe kama maziwa. Yalijaa mafuta; mashine ikagoma kusoma, kipimo kimoja kikapotea bure.

"Mama, umempa nini huyu?"

"Chakula sijampa. Mawese tu, daktari. Mgonjwa haendi safari tumbo kavu."

Nilitaka kufoka. Lakini huku mawese ni dawa, mbwa akila sumu hunyweshwa hayo hayo, na kwa akili yake alikuwa ametii. Nikameza hasira yangu na chai iliyopoa.

Siku ya tatu alikuja naye tumbo tupu kweli. Nikatumia kipimo cha mwisho; kiwango cha vimeng'enya kilikuwa juu hadi mashine ikashindwa kukifikia.

"Ndiyo kansa?"

"Inaweza kuwa. Au kongosho limevimba tu, na wapo wanaopona. Kipimo hiki hakitofautishi, na picha ya tumbo la mbwa sina pa kuipiga." Nilichukia kusikia sauti yangu. "Ila anaumia sana, mama. Ingekuwa wangu, ningemlaza kwa sindano, asiamke tena."

Alimpapasa masikio kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mchome."

Yalipokwisha, nilimwomba ruhusa nimpasue mbwa tumbo tuone alikufa na nini hasa. Nilitamani sana kujua. Kazi yangu huku ni kubahatisha, na kubahatisha kunachosha kuliko safari za vumbi.

"Hapana," alisema. "Ukikuta haikuwa kansa, wewe utakuwa umejifunza. Mimi nitalala vipi?"

Nikarudisha kisu kwenye trei, nikamsaidia kumfunga mbwa kwenye kanga.