Nyumba ya Walter Iliyojengwa Jumamosi

Siku Walter Ouma alipokufa, alikuwa ameketi mbele yangu anamenya yai.

Ilikuwa Jumamosi, saa ya chai, katika chumba cha walimu cha shule yetu ndogo ya kibinafsi pale Otonglo, nje kidogo ya mji wa Kisumu. Mimi nafundisha Kiswahili, yeye alikuwa akifundisha hesabu. Simu yangu ikalia. Alikuwa Debra, anayeuza nyanya sokoni kando ya barabara ya Busia, mzaliwa wa kijiji kimoja na Walter huko Seme, karibu na ziwa. Alikuwa analia hata maneno hayatoki.

"Mwalimu Rehma, yawa, pole. Pole sana. Walter ametuacha."

"Walter gani?"

"Si huyu wenu! Wa hesabu! Simu yake imezima tangu juzi. Na huko nyumbani wameshaanza kumjengea."

Nikamtazama Walter. Alikuwa akinyunyiza chumvi kwenye yai. Kwa muda nilidhani simu ndiyo inasema kweli na macho yangu ndiyo yanayonidanganya. Sioni haya kusema kwamba nilinyoosha mkono nikamfinya.

"Mwalimu! Vipi tena?"

"Wanasema umekufa."

"Nani anasema?"

"Debra. Anasema nyumbani kwenu wanakujengea."

Hapo ndipo alipoliweka yai chini. Mtu wa kwingine angecheka. Lakini kwa Waluo, kijana aliyekomaa hujijengea nyumba yake ndani ya boma la baba yake, nyumba inayoitwa simba. Akifa kabla ya kuijenga, hazikwi hivi hivi tu. Ndugu zake huamka wakamjengea upesi upesi, ndipo azikwe kama mwanamume mwenye kwake. Kwa hiyo ukipita mahali ukaona vijana wanapigilia mabati mbio mbio na mwenye nyumba hayupo, huhitaji kuuliza mengi. Mimi ni Mwislamu wa mjini, babu yangu mmoja alitoka Pwani na wa pili hata hatujui vizuri alitoka wapi, lakini nimezaliwa Kisumu na hilo nalijua.

Sasa, kwa nini simu ya Walter ilikuwa imezimwa? Hapa lazima niseme ukweli kuhusu rafiki yangu, na nitausema kwa hasira kwa sababu hasira yenyewe haijaniisha.

Walter alikuwa na digrii ya uchumi kutoka Maseno. Uchumi hakuuomba, alipewa. Moyo wake tangu utotoni ulikuwa kwenye udaktari. Akaja kugundua kuna chuo huko Kampala kinachowachukua watu wenye digrii za mambo mengine, kikawafundisha kemia, biolojia na fizikia mwaka mzima, ili waweze kuomba nafasi ya kusomea udaktari. Akaomba. Wakamkubali. Nilipiga vigelegele mpaka mwalimu mkuu akaja kuuliza kuna harusi ya nani.

Kisha akaanza kufikiria. Walter alijua kufikiria! Mara umri umeenda, mara mama yake yuko peke yake, mara Kampala ni ugenini. Mabasi ya Kampala hupita mbele ya geti letu kila siku, na likipita basi, vioo vya darasa lake vilitetemeka naye akaacha kuandika ubaoni, akasimama na chaki mkononi mpaka litokomee.

Kisingizio kikubwa kilikuwa nyumba. Ana mdogo wake, Oluoch, fundi wa mbao, mwenye mchumba aliyechoka kungoja. Na kwa mila, mdogo hawezi kujenga wala kuoa kabla ya mkubwa kujenga. "Siwezi kuvuka mpaka wa Uganda na kumwacha ndugu yangu amekwama," Walter alisema. "Nitajenga kwanza." Alisema hivyo Krismasi. Akasema hivyo Pasaka. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akanijibu kwamba tumbo lake liko sawa.

Wiki ile watu wa chuo walikuwa wakimpigia simu wakitaka jibu. Ndiyo sababu akaizima. Mtu mzima, ndevu zimemjaa, anaikimbia simu!

Tulijaribu kupiga nyumbani kwao kwa simu yangu, hakuna aliyepokea, basi tukapanda pikipiki moja kwenda Seme, mishikaki, yeye katikati na mimi nyuma nikiwa nimeshikilia mtandio wangu kwa meno. Tulipofika Kisian na kuiacha barabara ya Busia, Walter alisema neno moja tu.

"Mama."

Kila Jumamosi mama yake huondoka alfajiri kwenda Dunga kununua omena, wale dagaa wa ziwani. Nami nikatambua kile alichokuwa akikiona kichwani: mtu yeyote wa Seme pale ufukweni, mwenye simu mkononi, akimgeukia yule mama na kumwambia.

Tulisikia vilio kabla hatujaliona boma. Dereva wa pikipiki alikataa kusogea zaidi, akatushusha barabarani. Tukatembea mpaka kwenye ua wa minyaa, Walter akasimama nyuma yake, akachungulia. Nikachungulia pamoja naye.

Nyumba ilikuwa imesimama. Ndogo, nadhifu, upande mmoja wa paa umeshapigwa mabati yanayong'aa, upande wa pili miti mitupu. Oluoch alikuwa juu na nyundo, misumari mdomoni. Uwanja umejaa watu. Wanawake wamekaa chini, leso zimefungwa viunoni. Na katikati, akienda huku na kurudi kama wanavyofanya waombolezaji, alikuwa shangazi yao Awuor, ambaye wao humwita Waya, dada ya marehemu baba yao.

Nasikia Kijaluo vizuri. Huwezi kuishi Kisumu bila hicho. Na najua wenyeji hawamlilii mtu kimya kimya. Anayelia humwita marehemu kwa jina na kutaja aliyoyafanya: ng'ombe aliowanunua, mashua aliyoichonga, watoto aliowasomesha. Waya Awuor alikuwa na sauti ya kufika ng'ambo ya ziwa.

"Walter, mwana wa kaka yangu! Wewe uliyetaka kuwa daktari! Wewe uliyetaka kujenga! Wewe uliyetaka kutuletea mke! Ulitaka, Walter! Ulitaka! Sasa nikusifu kwa lipi?"

Na wale wanawake wakaitikia kwa kilio.

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa ile simu. Kisha nikakasirika. Kwani wanafunzi waliojua kugawanya kwa sababu yake hawahesabiki? Nilitaka kutoka nimwambie yule shangazi kwamba hajui anachosema. Walter akanishika mkono.

"Mwache amalize," alisema.

Tukasimama pale nyuma ya minyaa, tukasikiliza mpaka mwisho. Waya Awuor hakupata kitu kingine. Alirudia yale yale matatu, akiyapanga upya, na kila alipofika kwenye lile neno "ulitaka" Walter aliinamisha kichwa kidogo zaidi.

Walter alipotoka nyuma ya ua, wa kwanza kumwona alikuwa mwanamke aliyekuwa akipepeta mchele wa wageni. Ungo ukaruka. Watu wakatawanyika uwanja mzima, wazee mbele, mmoja akaacha na fimbo yake. Waya Awuor peke yake hakukimbia.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, Waya. Sijakufa."

Oluoch akatema misumari, akateremka kwenye paa. "Nani alisema amekufa?"

"Wewe!" watu wakamrukia. "Si ndiyo hii nyumba?"

"Mimi nilisema ni nyumba ya Walter! Nimejenga ili aache kunifanya kisingizio! Kila siku, siwezi kwenda, sijajenga, siwezi kwenda, sijajenga. Basi nikaita marafiki tumjengee Jumamosi moja tumalize."

"Mabati mbio mbio hivyo, mwenyewe hayupo, simu imezima! Ulitaka tufikirie nini? Na ulipoona tunalia?"

"Nilidhani mmefurahi," akasema Oluoch.

Hakuna aliyepata nafasi ya kucheka, kwa sababu pikipiki iliingia hadi katikati ya uwanja na mama yao akashuka. Leso moja ilikuwa imempotea njiani, na alikuwa na kiatu kimoja. Hakupiga kelele. Alimwendea Walter moja kwa moja, akamshika masikio, akamshika mashavu, akamgeuza huku na huku kama anayechagua samaki. Kisha akavua kile kiatu kimoja na kuanza kumpiga nacho mgongoni.

"Simu! Umezima simu kwa nini? Kwa nini?"

"Niliogopa kuwajibu, Mama."

"Kuwajibu akina nani?"

"Watu wa Kampala. Wanataka kujua kama naenda ama siendi."

Mkono wenye kiatu ulibaki hewani. Yule mama akakaa chini mchangani.

"Nimekulilia kutoka Dunga mpaka hapa," akasema polepole. "Nimekuzika njiani, Walter. Nilishachagua hata mahali pa kaburi. Kumbe ulikuwa unaogopa kuongea?"

Nilitamani niwe popote duniani isipokuwa pale.

Walter akatoa simu mfukoni, akaiwasha. Ikalia na kulia kwa jumbe zilizokuwa zikingoja. Akaitafuta namba ya chuo, nami nikamsaidia kupiga, na kwa haraka nikabonyeza kipaza sauti, hivyo wote wakasikia. Sauti ya mwanamke, ya upole lakini iliyochoka.

"Bwana Ouma, tumekutafuta wiki nzima. Masomo yanaanza karibuni. Unakuja, ama nafasi tumpe mwingine?"

Walter akaitazama ile nyumba, kisha akamtazama Oluoch.

"Usiniangalie mimi," Oluoch akamwambia. "Nyumba ndiyo hiyo."

"Ninakuja," Walter alisema. Akarudia kwa nguvu, akimtazama Waya Awuor badala ya simu. "Ninakuja."

Alilala ndani ya simba yake siku hiyo hiyo, chini ya lile paa la nusu, maana mwenye nyumba ndiye anayepaswa kulala humo kwanza. Muda mfupi baada ya Walter kuondoka, likapita basi la Kampala, vioo vya darasa la hesabu vikatetemeka, na mwalimu mgeni akaendelea kuandika ubaoni kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi ndiye niliyetoka nje kulitazama.

Mwezi uliopita Walter alinipigia. Amefeli mtihani wake wa kwanza wa kemia, na amefeli vibaya. Nilimpa pole, naye akaniomba nimfikishie Waya Awuor habari hizo. Nilidhani amechanganyikiwa, lakini salamu ni salamu.

Nilimkuta Waya Awuor sokoni Otonglo, kwenye kibanda cha Debra, akichagua nyanya. Nikatafuta maneno laini.

"Waya, Walter anakusalimu. Amefanya mtihani wa kemia, lakini bahati mbaya ameanguka."

Nyanya ikamtoka mkononi. Akanitazama kama alivyomtazama Walter siku ile alipotoka nyuma ya minyaa.

"Amefanya?" akauliza. "Walter wetu? Alikaa chini akaufanya?"

"Aliufanya wote. Na ataurudia."

"Yawa," akasema, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na machozi yakaanza kumtoka pale pale mbele ya wanunuzi. "Debra, umesikia? Walter amefanya mtihani."